Matita yaliyosimama mto ulipojaa

"Mdogo wangu, fagieni majani yote, ukingo upendeze." Hivyo ndivyo dada mmoja wa kwetu alivyonishauri nilipomwambia nimejiunga na wanaojitolea kutunza Mto Wandle, kusini mwa London. Nashukuru sikumsikiliza. Chini ya majani yale ndiko kalunguyeye anakolala miezi yote ya baridi. Hata rundo la matawi makavu halichomwi hapo lilipo. Kwanza huhamishwa tawi kwa tawi, ionekane kama kuna aliyelala ndani.

Mto huu umebanwa na kuta na kutanuliwa, hivyo sehemu nyingine maji yanajikokota na tope linafunika kokoto ambamo samaki aina ya trauti hutaga wakati huu huu wa baridi. Kwa hiyo kokoto hazikanyagwi, kazi hufanywa pembezoni. Tunapanga matita ya matawi ya mierebi kando ya ukingo ili njia ya maji iwe nyembamba na mkondo upate nguvu ya kusukuma tope. Nyuma ya matita tope linatuama, na baadaye manyasi huota. Matawi tunayakata kabla ya Machi, ndege hawajaanza kujenga viota.

Jumamosi ya kwanza tuliweka matita sita. Nilifunga mwenyewe kwa kamba ya mkonge, na kwa kuwa nimezaliwa Tanga, niliamini fundo langu. Jumanne usiku mvua ikanyesha. Mto wa mjini haungoji: maji ya mapaa na lami yote yanamiminikia humo, na kwa muda mfupi kina kinapanda. Asubuhi matita manne hayapo. Niliyakuta yamekwama darajani, kamba zimelegea, kwa sababu tita likishalowa na kushindiliwa na maji hupungua unene. Niliumia sana.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kikundi chetu. Alisema vigingi tuvipigilie nusu tu, viwiliviwili, kimoja kila upande wa tita. Kisha waya upitishwe juu ya tita, kutoka kigingi hadi kigingi, ukazwe kwa misumari ya U. Hapo ndipo unarudi na nyundo kubwa kuvizamisha vigingi mpaka mwisho! Kila pigo kigingi kinashuka na waya wake, waya unalibana tita, tita linalia na kutoa maji kama nazi kwenye kifumbu. Nguvu za mkono peke yake zisingeweza kulikaza vile. Nilipigilia vigingi kumi na sita siku hiyo, na sikukubali kumwachia mtu nyundo.

Chukueni glavu jozi mbili. Maji ya Wandle hutoka kwenye chemchemi za miamba ya chokaa, kwa hiyo asubuhi ya barafu miguu iliyo majini inapata nafuu kuliko vidole vilivyo nje. Buti ndefu za mpira niliazimwa. Soksi za sufu nilinunua, pauni 20 hivi.

Februari mto ukajaa tena. Nilikwenda alfajiri kabla ya kazi. Matita yote manane yalikuwa mahali pake, na nilipochomeka fimbo nyuma ya la tatu, tope lilifika nusu ya fimbo. Mdiria alikuwa ametua juu ya kigingi changu, anaangalia maji.

Jumamosi tunahamia ng'ambo ya pili. Waya uliobaki unatosha matita manne tu.