Nguru wa leo alikuwa wa watoto

Nimerudi nyumbani nanuka samaki, viganja vimechanwa na mshipi, na moyo umejaa. Tulitoka mwalo wa Deep Sea hapa Tanga kabla ya adhana ya alfajiri kwenye mashindano ya kuvua, kuzichangia familia zenye watoto wanaougua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila chombo kilitoa kiingilio, na samaki wote wakapigwa mnada ufukweni.

Kaskazi ilikuwa ya upole. Tulirambaza nje ya kisiwa cha Yambe muda mrefu bila kitu, halafu mshipi ukakaza. Nahodha akanikabidhi: "Mwachie kidogo, mwanangu, usimbane. Akichoka atakuja mwenyewe." Akaja. Nguru mnene, anang'aa kama sinia jipya.

Mnadani mama lishe mmoja alinunua changu wawili kwa bei ya nguru, akakataa chenji. Nililia, sioni haya kusema.

Mtoto wa dada yangu ana selimundu. Chembe za damu hujikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia mifupa usiku kucha. Watu hudhani mzigo ni dawa tu. Kuna nauli ya kliniki, kuna bima, kuna siku ambazo mama hafungui genge kwa sababu yuko wodini. Fedha za leo zinakwenda huko huko.

Jioni nilimpelekea mtoto huyo kipande cha mkia. Akauliza kama nguru ana meno. Nikamwambia anayo, tena makali, na kesho nitamletea taya lake alione.