Mtori wa Bibi na Kanzu za Dorkasi

Tumsifu Yesu Kristo.

Wiki hii tuliposoma Matendo ya Mitume (Mdo 9:36-42) jumuiyani, sauti ilinikatika nilipofika kwa wale wajane wa Yafa. Dorkasi amefariki, ameshaoshwa, amelazwa orofani, Petro ameitwa kutoka Lida, na akina mama wamemzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu alizowashonea. Nikamkumbuka bibi yetu tuliyemzika mwezi uliopita huku Kilimanjaro, katika kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, alichokilima tangu alipoolewa.

Wajane wale hawakumsimulia Petro marehemu alikuwa akisema nini. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, naye hakutuandikia hata neno moja lililotoka kinywani mwa Dorkasi, ingawa alimwita mwanafunzi, tena kwa neno la kike la Kigiriki ambalo halipatikani kwingine kokote katika Agano Jipya. Ushahidi wao ulikuwa nguo.

Ushahidi wetu sisi ulikuwa mtori, supu nzito ya ndizi. Usiku wa matanga akina mama walisimama mmoja mmoja, na karibu kila mmoja alianzia palepale: “Nilipojifungua...” Bibi alikuwa akifika alfajiri, sufuria kichwani, imefunikwa jani la mgomba. Ndani mna ndizi mshare na nyama ya mfupa, vimepekechwa hadi vikalainika. Hakuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Hili nalisema wazi, maana wapo mabinti wa jumuiya yetu ambao sisi wengine tuliwanong’ona, nami nikiwemo, na aliyewabishia hodi ni yeye peke yake. Siku ya mazishi mabinti hao ndio walioshindwa kuondoka kaburini.

Kulikuwa na ndugu wawili waliogombea mpaka. Bibi alichuma jani la sale, ambalo kwetu Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha, akawaendea kuwaombea msamaha, huyu kwa yule. Mmoja alimfukuza. Kesho yake akarudi na jani jingine, bichi. Jeneza lake walilibeba wote wawili, bega kwa bega.

Petro alipiga magoti akaomba, Dorkasi akafumbua macho. Sisi nasi tuliomba, majuma matatu ya ugonjwa, rozari kila jioni, na bibi yetu hakuinuka. Imeniuma, na bado inaniuma. Ninachokishika ni kwamba Dorkasi naye alikuja kufa tena, na sasa wote wawili wanaingoja sauti ileile ambayo Yesu alisema waliomo makaburini wataisikia (Yn 5:28). Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Jumamosi binti mmoja wa jumuiya alijifungua. Niliamka saa kumi usiku nikamenya ndizi, nikasahau kwanza kupaka mafuta mikononi kama bibi alivyotufundisha. Utomvu umenigandia kwenye kucha hadi leo ninapowaandikia.