Kuainisha maeneo ya mji kwa matumizi yake: kazi kubwa iko kabla ya modeli

Picha ya setilaiti inaonyesha paa. Bati refu la kijivu laweza kuwa ghala, kiwanda, ukumbi au soko, na rangi yake haitakwambia ni lipi. Kwa hiyo anayeifundisha kompyuta kutenganisha makazi, biashara, viwanda na taasisi asitegemee picha peke yake.

Kwanza amua unaainisha nini. Piseli, yaani nukta moja ya picha, ya setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, hata kwenye mikanda (aina za mwanga zinazopimwa) minne inayoonyesha kwa undani zaidi. Humo inaenea nyumba moja ndogo, wala si mtaa. Afadhali bloku zinazozungukwa na barabara: chukua mistari ya barabara ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ondoa vijia vya miguu, geuza iliyobaki kuwa poligoni, yaani maumbo yaliyofungwa, kisha futa vile vipande vyembamba vinavyobaki katikati ya barabara za njia mbili. Pale barabara zisipochorwa zote, bloku moja humeza mitaa kadhaa. Hapo weka gridi ya miraba iliyo sawa.

Kwa kila bloku pima ukubwa wa wastani wa majengo, sehemu ya ardhi iliyojengwa na kiasi cha mimea. Halafu hesabu maduka, shule, zahanati, karakana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaingiza idadi tupu. Tuseme mji una bloku 1,000, na maduka yapo katika 800 kati ya hizo, karakana katika 20. Logi asilia ya 1,000 ikigawanywa kwa 800 ni 0.22, ya 1,000 ikigawanywa kwa 20 ni 3.91. Logi hiyo ndiyo uzito: kitu kikiwa adimu, unakuwa mkubwa. Zidisha hesabu kwa uzito huo, na karakana moja itasema mengi kuliko maduka kumi.

Modeli yenyewe, yaani programu inayojifunza kutoka bloku ambazo matumizi yake yanajulikana, haina haja ya makeke. Msitu nasibu (random forest), yaani miti mingi ya maamuzi inayopiga kura, wa miti 500 unatosha kuanzia, na hauhitaji vipimo viwekwe kwenye skeli moja.

Mtihani, yaani kuijaribu modeli kwa bloku ambazo haikufundishwa nazo, ndio unaodanganya. Ukigawa bloku kwa bahati nasibu, bloku ya mtihani inakaa ukuta kwa ukuta na jirani yake aliyetumika kufundishia. Modeli inakariri mtaa badala ya kujifunza matumizi. Gawa mji katika miraba ya kilomita 2, na mraba mzima uingie upande mmoja tu. Alama zitashuka, pengine sana. Ripoti hizo hizo, ndizo za haki.

Usiridhike pia na usahihi wa jumla. Makazi yakiwa asilimia 80 ya bloku, modeli inayojibu makazi kila mahali inapata 80 bila kujua chochote. Angalia F1 ya kila kundi, alama inayounganisha mambo mawili: majibu mangapi ya kundi hilo ni sahihi, na bloku zake ngapi zimepatikana.

Na bloku yenye maduka chini na wapangaji ghorofani? Usiilazimishe kwenye kundi moja. Hifadhi uwezekano wa kila kundi, mfano makazi 0.55 na biashara 0.40, na uchore ramani kwa namba hizo.