Naanzia nyuma ya pakiti: jinsi ninavyosoma lebo za kilimo hai

Nikichukua pakiti inayojitangaza kuwa ya kilimo hai (organic), kwanza naigeuza. Mbele kumepambwa ili kuvutia mnunuzi; nyuma ndiko sheria inakomlazimisha mtengenezaji kumtaja aliyemkagua. Kwa bidhaa iliyofungashwa kwa soko la Marekani, natazama chini ya jina la mtengenezaji au msambazaji: lazima pawe na mstari unaotaja wakala aliyetoa uthibitisho. Kwa soko la Umoja wa Ulaya natafuta msimbo, yaani herufi mbili za nchi, neno fupi kama BIO au ÖKO, kisha namba ya mkaguzi, mfano DE-ÖKO-001. Penye nembo ya jani lililochorwa kwa nyota, panaandikwa pia kama malighafi zililimwa ndani ya Umoja huo, nje yake, au kote kuwili. Chakula kilichoingizwa kutoka nje kinaweza kukosa jani na bado kikawa halali, lakini msimbo lazima kiwe nao. Kisipokuwa nao, nakirudisha rafuni.

Jina la wakala likiwepo, kuhakiki ni kazi ndogo. Kwa Marekani ipo hifadhidata ya umma ya wizara ya kilimo, USDA, inayoorodhesha mashamba na viwanda vyote vyenye cheti, pamoja na waliosimamishwa au kunyang'anywa. Natafuta kwa jina la kampuni, kisha nasoma cheti chenyewe kinahusu mazao gani. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu kampuni inaweza kuwa na cheti cha kahawa huku chai yake ikiwa ya kawaida.

Asilimia za viambato vya kilimo hai nazo zinahitaji utulivu. Mfumo wa Marekani una ngazi nne. Ya kwanza ni ya asilimia 100. Ya pili inahitaji angalau asilimia 95, na ni hizi mbili tu zinazoruhusiwa kubeba nembo ya USDA. Ya tatu inaanzia asilimia 70: haina nembo, ila mbele inaweza kusema imetengenezwa kwa viambato fulani vya kilimo hai, visivyozidi vitatu kwa majina. Chini ya asilimia 70, neno "kilimo hai" linabaki kwenye orodha ya viambato peke yake.

Hesabu yenyewe huacha nje maji na chumvi vilivyoongezwa. Chukua sosi ya nyanya ya gramu 500 yenye maji gramu 100 na chumvi gramu 5. Asilimia inapigwa juu ya gramu 395 zilizobaki. Asilimia 95 yake ni gramu 375 na ushei, kwa hiyo gramu 20 hivi zinaweza kuwa za vitu visivyo vya kilimo hai. Hizo nazo si holela: lazima viwe kwenye orodha ya taifa ya vitu vinavyoruhusiwa, na visitokane na uhandisi jeni wala kupigwa mionzi. Ulaya pia kiwango ni asilimia 95, kwa uzito wa viambato vinavyotokana na kilimo, na mara nyingi kinyota kidogo kwenye orodha huonyesha vipi ni vya kilimo hai. Ngazi ya tatu ya Marekani mimi huinunua pale tu kiambato kilichotajwa ndicho kinachoongoza orodha, maana viambato hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi.

Maneno kama "asilia", "rafiki wa mazingira" au "kutoka shambani" siyapi uzito wowote. "Bila uhandisi jeni" lina maana yake, ila halisemi lolote kuhusu mbolea za viwandani. Samaki wa kuvuliwa baharini hawawezi kuthibitishwa, kwa sababu hakuna anayesimamia walichokula. Na cheti hakimaanishi kwamba shamba halikupuliziwa kitu. Salfa, shaba na dawa zitokanazo na mimea au bakteria zinaruhusiwa kwa masharti. Matunda ya kilimo hai huoshwa kama mengine.

Kwa matunda yasiyofungashwa natazama namba kwenye stika. Ndizi ya kawaida ni 4011. Ya kilimo hai ni 94011, yaani tarakimu tano zinazoanza na 9. Mfumo huo ni wa hiari, umewekwa na wafanyabiashara wenyewe, kwa hiyo nauchukulia kama dokezo tu. Ushahidi bora ni katoni yaliyofika nayo, yenye jina la mkulima na la wakala. Naangalia pia kama kuna kizuizi kati ya rundo hilo na la mazao ya kawaida. Yakichanganyika, cheti cha shambani hakisaidii tena.

Sabuni na vipodozi vina kanuni nyingine. Chini ya COSMOS, kiwango cha vipodozi vya kilimo hai, bidhaa inayoitwa ya kilimo hai inahitaji asilimia 20 tu ya uzito wote kuwa ya kilimo hai, na asilimia 10 kwa zile za kuosha na kusuuza, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji na madini. Kwa nguo, kiwango kiitwacho GOTS kinadai nyuzi asilimia 95 kwa daraja la juu na asilimia 70 kwa la pili, na lebo lazima ionyeshe mthibitishaji na namba ya leseni.

Ninachonunua kwa wingi ni nafaka na kunde. Ghala la kilimo hai haliruhusiwi kufukiza kwa gesi ya fosfini, hivyo mayai ya wadudu yanaweza kusalia ndani ya punje. Nagawanya katika mifuko ya kilo moja, maana mfuko mkubwa huchelewa kupoa katikati, kisha naiweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Nikiitoa, siifungui mpaka irudi kwenye joto la chumba. Ikifunguliwa ingali baridi, unyevu wa hewa hutua juu ya punje na ukungu huanza.