Kumwacha mvutaji bangi ni jambo moja, kumfungulia muuzaji duka ni jingine

Mjadala wa kuhalalisha bangi huharibika mapema, pale maswali matatu yanapotupwa kwenye kapu moja. La kwanza: mtu mzima anayevuta afungwe? La pili: aruhusiwe kuotesha miche yake mwenyewe? La tatu: bangi iuzwe dukani kama bidhaa nyingine? Anayetetea uhuru husema ihalalishwe akiwa na swali la kwanza kichwani. Anayehofia watoto hukataa akiwaza la tatu. Wanabishana mpaka usiku, kila mmoja akijibu swali lake. Msimamo wangu nautoa mapema: mvutaji asifungwe, mwenye miche michache aachwe kwa masharti, na duka lisubiri mpaka nchi iwe na maabara, kipimo cha barabarani na wakaguzi wasionunulika.

Nianze na uhuru, kwa kuwa ndio hoja inayodharauliwa zaidi huku kwetu. Kesi iliyoupima kwa kina barani Afrika ni ya Garreth Prince wa Afrika Kusini, Mrasta aliyesomea sheria akakataliwa kuingia kwenye uwakili kwa sababu alikuwa ameshatiwa hatiani kwa bangi na akasema wazi kuwa ataendelea kuitumia. Mwaka 2002 alisimama mbele ya Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini. Alishindwa, majaji 5 kwa 4. Waliomkatalia waliona polisi hawatakuwa na njia ya kutenganisha bangi ya ibada na bangi ya mtaani. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu nyingine, safari hii juu ya hoja ya faragha, na Prince akashinda bila jaji hata mmoja kupinga. Hukumu hiyo, iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema mtu mzima kutumia, kumiliki na kuotesha bangi faraghani kwa matumizi yake binafsi kunalindwa na kifungu cha 14 cha katiba. Kuuza kulibaki kosa.

Tofauti ya hukumu hizo mbili ina somo kwa Kenya, ambako Marasta walifungua kesi mwaka 2021 wakitaka waruhusiwe kutumia bangi. Ukiomba ruhusa kwa kundi moja, serikali itauliza itawatambuaje watu wa kundi hilo, na swali hilo ni zito. Ukidai kwamba dola haina kazi ndani ya chumba cha mtu mzima asiyemdhuru mwenzake, hakuna haja ya kumtambua yeyote.

Ila faragha inahitaji kuta. Mahakama Kuu ya Western Cape mwaka 2017 ilikuwa imezungumzia nyumba ya kuishi. Mahakama ya Katiba ikapanua na kusema "faraghani", kwa kuwa faragha haiishii kwenye nyumba. Vizuri. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Mathare, mwenye uwanja wa pamoja na choo cha pamoja, faragha yake ni ipi? Moshi unapita juu ya dari na kuingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Mwenye nyumba yenye geti atafaidi haki ambayo mpangaji hataigusa. Sheria inayoandikwa kwa ajili ya miji yetu lazima itaje mambo haya kwa majina: si mbele ya mtoto, si ndani ya gari, si uani penye wapangaji wengine bila ridhaa yao, na adhabu ya kuvunja masharti hayo iwe faini ndogo, isiwe pingu.

Kisha kuna kiasi. Mahakama ya Afrika Kusini haikutaja gramu. Ilitoa miezi 24 kwa Bunge kurekebisha sheria, na sheria yenyewe ilitiwa saini Mei 2024, karibu miaka 6 baadaye. Katika kipindi chote hicho askari ndiye aliyeamua kama mfuko aliouona ni wa kuvuta au wa kuuza. Uamuzi wa aina hiyo ukiachwa mikononi mwa mtu mmoja barabarani, rushwa haikawii. Kanada imeweka gramu 30 hadharani na miche 4 kwa kaya. Uruguay miche 6. Ujerumani, tangu Aprili 2024, gramu 25 nje, gramu 50 nyumbani na miche 3.

Hapo kwenye Ujerumani kuna mtego ambao mtunga sheria asiyejua kilimo hawezi kuuona. Mche mmoja wa nje, ukipata jua na mbolea, unaweza kutoa gramu mia kadhaa za maua makavu, ndiyo sehemu inayovutwa. Mtu mwenye miche 3 halali anavuna siku moja na papo hapo ana zaidi ya gramu 50, kwa hiyo ni mhalifu kwa sababu ya mavuno mema. Isitoshe, maua mabichi hupoteza takribani robo tatu ya uzito au zaidi yanapokauka. Kama sheria haisemi "uzito mkavu, bila shina, mizizi wala udongo", mche mmoja uliong'olewa na kuwekwa kwenye mzani wa kituo utasomeka kilo. Andika uzito mkavu. Andika pia kwamba mavuno ya miche halali ni halali yakiwa nyumbani. Sentensi mbili tu hizo zitaokoa watu wengi.

Kwa sasa tuko mbali na hapo. Tanzania, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kulima bangi kunaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 30. Kenya, sheria ya 1994 iliweka hadi miaka 10 hata kwa aliyeithibitishia mahakama kuwa bangi ilikuwa ya kuvuta mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yaliilegeza adhabu hiyo, lakini kifungo bado kipo. Mimi sioni madhara ya msokoto mmoja yanayofikia madhara ya mwaka mmoja gerezani kwa kijana wa miaka 20, kwa mwili wake, kwa ajira yake na kwa nyumba inayomtegemea.

Hayo hayafanyi bangi kuwa majani ya chai. Makadirio yanayotumika sana kwenye utafiti ni kwamba karibu 9 kati ya kila watumiaji 100 huishia kuitegemea, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama 1 kati ya 6. Pombe na sigara huteka asilimia kubwa zaidi, ndiyo, lakini 9 kati ya 100 ni watu halisi. Lililo zito zaidi ni ugonjwa wa akili. Utafiti uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya na Brazil, uliochapishwa 2019, ulikuta wanaovuta kila siku bangi yenye THC, kemikali inayolevya, ya asilimia 10 au zaidi wana uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata saikosisi, ile hali ya kusikia sauti na kuandamwa na mambo yasiyokuwepo, ukiwalinganisha na wasiowahi kuvuta. Wapo pia watumiaji wa muda mrefu wanaotapika mfululizo na kupata nafuu wakioga maji ya moto tu. Mara nyingi hupimwa malaria, vidonda vya tumbo na kila kitu, na hakuna anayewauliza kuhusu bangi.

Zingatia maneno "asilimia 10 au zaidi". Ndiyo kiini cha hoja yangu dhidi ya kuharakisha duka. Chukua msokoto wa gramu 0.3. Bangi ya THC asilimia 5 inaweka miligramu 15 ndani yake. Bangi ya asilimia 20, msokoto uleule kwa macho, unabeba miligramu 60. Sehemu kubwa huungua au kupotea na moshi, lakini uwiano ni uleule, mara 4. Mafuta yaliyokamuliwa huenda hadi asilimia 80. Mkulima wa shamba la mlimani hana sababu wala zana za kufika huko. Kampuni inayoshindana sokoni inazo zote mbili, kwa kuwa mnunuzi mkubwa wa bangi ni yule anayetumia kila siku, na yeye hutafuta nguvu. Tanzania tayari neno skanka, yaani bangi kali, limezoeleka kwenye taarifa za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na skanka si bangi waliyoijua wazee.

Halafu kuna ya kula, na hapa ningependa kila mzazi asome taratibu. Ukivuta, THC hupanda kwenye damu ndani ya dakika chache, kwa hiyo mtu anajua ameshatosheka na anaacha. Ukila, inapitia tumboni na kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu ubongoni. Dalili huanza baada ya nusu saa mpaka saa 2, na hudumu saa 6, 8, hata zaidi. Kosa linalotokea ni lilelile kila mahali: mtu anakula kipande, anangoja nusu saa, haoni kitu, anamaliza kilichobaki. Colorado, jimbo la Marekani, ilianza kuuza kwa watu wazima tarehe 1 Januari 2014. Machi mwaka huohuo kijana wa miaka 19 alikula kipande kimoja cha biskuti yenye miligramu 65, kama alivyoshauriwa, akaona haifanyi kazi, akala yote. Saa chache baadaye alijirusha kutoka ghorofani akafa. Baada ya hapo jimbo likalazimisha kila kipande cha miligramu 10 kitenganishwe waziwazi na vingine, na baadaye alama ya onyo igongwe kwenye chakula chenyewe, si kwenye pakiti peke yake.

Kanada ilijifunza, ikaweka miligramu 10 kwa pakiti nzima na kifungashio kigumu kwa mtoto kufungua. Bado watoto wadogo waliolazwa kwa kula bangi waliongezeka, zaidi katika majimbo yaliyoruhusu bidhaa hizo. Quebec ilizuia zile zinazofanana na peremende, na nadhani ilifanya la busara. Sasa jiulize: maabara gani kwetu itapima kila toleo la biskuti, kwamba THC imesambaa sawasawa kwenye donge na haikurundikana kwenye kipande kimoja? Nani atapima ukungu, viuatilifu na madini mazito? Kama kazi hiyo haina mwenyewe, bidhaa za kula zisiruhusiwe kabisa, hata siku duka la maua ya bangi litakapofunguliwa.

Wengi hudai duka litaua soko haramu. Litalipunguza, likipangwa vizuri, na si haraka. Kanada iliweka ushuru wa dola 1 kwa gramu au asilimia 10, ile iliyo kubwa, ikifikiria gramu ingeuzwa karibu dola 10. Bei ya mzalishaji ilipoporomoka, dola ile moja ikawa mzigo: gramu ya dola 3 inalipa theluthi. Uruguay ilikwenda kinyume. Iliuza kwenye famasi kuanzia Julai 2017 kwa bei ya chini sana, kwa raia na wakazi waliojisajili tu, gramu 10 kwa wiki, bila matangazo. Mwanzoni bangi hiyo ilikuwa hafifu na famasi chache, benki zikatishia kufunga akaunti za famasi kwa kuhofia sheria za Marekani, na wengi wakabaki kwa wauzaji wao wa zamani. Pamoja na hayo, naiona Uruguay kuwa ndiyo iliyochagua njia ya usalama zaidi. Thailand, iliyoifungua bangi Juni 2022 kabla ya kutunga sheria ya kuisimamia, ilijaa maduka kila kona na kufikia Juni 2025 ilikuwa inarudi kwenye cheti cha daktari.

Barabarani sina jibu jepesi. Pombe hupimwa kwa pumzi, na kipimo kinakaribiana na ulevi wenyewe. Kenya inajua alkoblo. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mvutaji wa kila siku anaweza kuwa nayo kwenye damu siku kadhaa baadaye akiwa mzima kabisa, na mgeni wa bangi akawa hatari huku kiwango kikiwa kimeshashuka. Kanada huanza kuadhibu kwenye nanogramu 2 kwa mililita ya damu, na kwa ukali zaidi kuanzia 5. Mkojo usitumike kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa kwa mvutaji wa kudumu unaweza kuonyesha matumizi ya wiki nyingi zilizopita. Kinachofaa kwetu ni askari aliyefunzwa kupima mwendo na macho, kisha mate, kisha damu hospitalini. Dereva wa basi na wa bodaboda awe kwenye sifuri.

Ahadi ya utajiri naipita haraka. Mgombea urais George Wajackoyah aliibeba kwenye uchaguzi wa Kenya wa 2022, kwamba bangi ya kuuza nje italipa deni la taifa. Soko la dawa la Ulaya linadai viwango vya kiwanda cha dawa, vyumba safi na vyeti vya gharama. Lesotho ilitoa leseni kuanzia 2017, na waliofaidi hawakuwa wanakijiji waliokuwa wakiilima siku zote.

Hatua ya kwanza inayowezekana mwaka huu ni ya waliokwisha kuhukumiwa. Sheria ya Afrika Kusini ya 2024 inaelekeza kufutwa kwa kumbukumbu za hatia za kupatikana na bangi ya kutumia. Huku kwetu mtu aliyelipa faini ya msokoto bado anaweza kukwama anapoomba cheti cha tabia njema ili apate kazi ya ulinzi au safari ya Ghuba. Kumsafisha hakuhitaji maabara, leseni wala shamba. Kunahitaji kifungu kimoja cha sheria, masjala za mahakama zifunguliwe, na karani azipitie faili moja baada ya nyingine.