Nilidhani ni pasi, kumbe ni nyota

Ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2022. Siku hizo nilikuwa na kimashine cha kujitengenezea cha kunasa mawimbi ya redio ya masafa ya chini kabisa, yale wanajeshi wanayotumia kuwasiliana na nyambizi, antena yenyewe waya tu nimeuzungusha kwenye fremu ya mbao hadi vidole vikauma, unaingia kwenye saundi kadi ya kompyuta basi. Nilikuwa nafuatilia kituo cha Cutler kule Maine, Marekani, kinarusha kwenye kilohezi 24. Mawimbi yake yanasafiri kwa kudunda kati ya ardhi na sehemu ya chini ya ionosfia, lile tabaka la hewa ya juu lenye chaji za umeme, mchana ni kama kilomita 70 juu, kwa hiyo huko kukivurugika hata kidogo mstari wa nguvu ya mawimbi kwenye skrini unasema. Mvurugaji wa kila siku ni jua.

Saa 7:20 na ushee mchana kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, mstari ukaruka. Nikadhani ni umeme wa pasi unaingilia antena, nikamfokea mdogo wangu aizime. Akanijibu, "Kaka, pasi yenyewe hata sijaichomeka!" Nikaangalia grafu ya miale ya jua, hamna mlipuko wa kufanana na ile ruka. Basi ni waya umelegea, nikaenda kuutikisa tikisa, mstari ukaporomoka ukarudi, nikaona potelea mbali.

Siku chache baadaye ndo nasoma habari, nikabaki mdomo wazi. Nyota kubwa iliporomoka huko mbali, mwanga wake umetembea karibu miaka bilioni 2, setelaiti ya Fermi ikaanza kuuona saa 7:17 na kishindo chenyewe kikaja kama dakika tatu baadaye, mlipuko wa miale ya gama, mwanga usioonekana wenye nguvu kubwa mno, mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa. Miale ikazing'oa elektroni kwenye hewa ya juu, ionosfia ikanenepa kwa chini, mawimbi yakaanza kudundia pengine. Hata setelaiti moja ya Wachina, kilomita kama 500 juu, ilipima uwanja wa umeme ukibadilika.

Nikalifungua faili mbio. Ile ruka ipo, safi kabisa. Ila pale ionosfia ilipokuwa inarudi taratibu kwenye hali yake, sehemu niliyoitaka kuliko zote, kuna shimo. Ni mkono wangu ule, natikisa waya.