Fundi kasema washa, na mimi nikawasha

Grupu letu la familia la WhatsApp lilianzishwa kwa ajili ya harusi ya binamu. Harusi ikapita, kamati ikavunjwa, chenji iliyobaki sijui ilienda wapi, grupu likabaki. Likawa la "shikamooni wote" asubuhi na picha za maua zilizoandikwa Jumapili njema, basi, mpaka mjomba alipostaafu.

Mjomba alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili ukimstaafisha bila kumpa kitu cha kufanya anahamia kwenu. Akaanza na maswali ya watoto wa wanyama: mtoto wa simba anaitwaje, wa mbwa je, na wa nyuki? (Shibli, kilebu, jana. Ndiyo, jana, kama hiyohiyo ya jana na leo, mi nilibisha siku mbili nzima mpaka nikatumiwa picha ya ukurasa wa kamusi.) Tukawa tunagugo kimyakimya, akashtuka kwamba ghafla familia nzima imekuwa na akili, akaacha.

Afu mdogo wangu akamwonyesha Wordle, ule mchezo wa herufi tano na majaribio sita, uliotengenezwa na jamaa anaitwa Josh Wardle, New York Times wakaununua Januari 2022. Mjomba kaupenda sana ila kasema Kiingereza hapana. Kwa hiyo siku hizi yeye ndo kompyuta. Asubuhi anaweka neno kichwani, kila mtu anamtumia majaribio yake inboksi, na yeye na miwani yake anarudisha viboksi kimoja kimoja kwa kidole: kijani herufi iko mahali pake, njano imo ila si hapo, kijivu haimo. Saa moja usiku anafunga na kutangaza. Ukichelewa umechelewa, ualimu haujamtoka.

Mtu anaweza kudhani kwa Kiswahili ni rahisi maana karibu kila neno linaishia na irabu, na mara nyingi ni a, sasa hapo boksi la mwisho si umeshapewa bure? Mi naanza na SAUTI kwa sababu ina irabu tatu, shangazi yuko Tanga yeye ni BARUA kila siku hajawahi kubadilisha. Lakini ndo mtego wenyewe huo. Wiki iliyopita nilipata kijani nne, -ANGA, nikajiona mshindi. Haya hesabu: kanga, panga, janga, wanga, tanga, ganga, danga. Maneno saba na mi nilikuwa na nafasi tatu. Lilikuwa tanga, la jahazi, na shangazi wa Tanga akasema hata hakuhangaika.

Sasa Jumamosi. Kwanza mjue kwamba koki ya bafuni kwangu inavuja tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nategesha ndoo ya lita kumi usiku, asubuhi nakuta imejaa na inamwagika kidogo. Nikapiga hesabu nione inanila kiasi gani, yaani lita ishirini kwa siku, mia sita kwa mwezi, na yuniti moja ya maji ni lita 1000, kwa hiyo hata yuniti haifiki. Kwenye bili haionekani. Kilichonishinda ni mlio. To. Kimya. To. Unalala unasubiri inayofuata kama unadaiwa. Nilikuwa naikaza kwa nguvu zote kabla ya kulala, nikaja kuambiwa kumbe hapo ndo nilikuwa naimaliza.

Fundi alisema saa tatu asubuhi. Kafika saa kumi na moja jioni kanyoa vizuri, sikuuliza. Kazi yenyewe alisema ni ya dakika kumi, ila geti valvu ya nje, ile ya kufungia maji, imeshika kutu haigeuki, kwa hiyo akaniambia bosi zima pampu. Kwangu maji yanatoka kwenye simtanki lililoko chini, bila pampu hayapandi, ni akili nzuri tu. Nikazima. Akafungua koki, akanitolea kimpira cheusi cha duara chenye tundu katikati, ukubwa kama sarafu, kimechongeka upande mmoja utadhani kimetafunwa na panya. Akasema mnaona mnavyokaza? Koki ikivuja unaikaza, ukiikaza chuma kinakikata hiki, kikikatika inavuja zaidi, na wewe unakaza zaidi. Nikakaa kimya kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Hapo nikagundua kitu, mi mtu wa shibli na kilebu, kwenye bafu langu mwenyewe sijui jina la kitu hata kimoja. Yeye anaongea elbo, tii, yunioni, ya nusu, ya robo tatu. Kuna wakati kasema "nipo" nikamjibu "nakuona", kumbe anaulizia kile kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi za kukazia pande mbili. Akaniangalia vile. Nikaona bora nikae sebuleni nisije nikaharibu.

Sebuleni nikashika simu. Nilikuwa nimeshakula majaribio manne na nina -ASHA, ya kijani yote. La nne lilikuwa KASHA. Nikatuma PASHA, mjomba akarudisha boksi la kwanza la kijivu, na kamsemo kake: "Fikiri, mjomba." Imebaki moja, saa kumi na mbili imepita, natembea sebuleni nasema asha, basha, dasha, fasha, gasha, najisikia mjinga.

Fundi huko bafuni akaita: "Bosi! Washa!"

Mi nikadhani kamaliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza, naapa. Akaita tena kwa ukali, "Washa bwana!", nikakimbia nje kwenye swichi ya pampu nikawasha.

Ukelele uliotoka mle ndani majirani walikuja getini. Koki ilikuwa haina kichwa, maji yamerukia darini yakarudi, fundi kajaribu kuziba kwa kiganja yakampiga za uso, mfuko wake wa vifaa unaelea, tredi tepu, ule utepe wa kuzungushia maungio ya bomba, imejiviringisha kwenye kandambili zangu. Nikarudi mbio kuzima. Nilipoingia kasimama katikati ya bafu analowa, na kwa utulivu wa kutisha akanyoosha mkono wa kushoto, kiganjani kuna kile kimpira kilichotafunwa. "Hii", akasema. "Hii ndo inaitwa washa. Nilikuwa nakuomba ile mpya, iko kwenye ule mfuko mwingine mezani."

Ilikuwa mezani kweli, pembeni ya simu yangu, nimekaa nayo nusu saa.

Tukaanza kudeki, maji yamefika koridoni, zulia nimelianika ukutani mpaka leo linanuka. Kimpira kipya kiliingia kwa dakika tatu, mia tano tu dukani kile, na koki haitoi hata tone. Simu nimekuja kuishika saa mbili kasoro, mchezo umefungwa zamani. Shangazi kalipata jaribio la pili. Mjomba katangaza neno la leo kwa herufi kubwa na maelezo ya kimwalimu kwamba lina maana zaidi ya moja, kuna kuwasha taa na kuna kuwasha kwa mwili, kama upupu. Nikamwandikia kwamba kuna ya tatu. Kaniambia nilete ushahidi wa kamusi.

Wakati wa kulipa fundi kaongeza elfu tatu juu ya tulizokubaliana. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kuoga.